Mwalimu Aliyekwenda Nyumbani kwa Mtoto



Kila mtu aliyepita katika nyumba ya masomo anachukua moyoni neno moja la mwalimu wake. Wengine wanachukua neno lililowainua, wengine neno lililowavunja. Miaka inapita, hesabu zinasahauliwa, majina ya mito na milima yanapotea kichwani, lakini neno lile linabaki. Mtu mzima, mwenye nyumba na watoto, atakueleza hata leo mwalimu alikuwa amesimama wapi siku ile na alishika nini mkononi.

Watu husema kazi ya mwalimu ni kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni kweli, lakini si yote. Kila siku, bila kuandika ubaoni, mwalimu anafundisha somo jingine: anamfundisha mtoto kwamba yeye ni mtu wa namna gani. Mtoto anatazama macho ya mwalimu kama anavyotazama maji yaliyotulia kisimani. Anachokiona mle anakisadiki.

Tumetaka kusema juu ya somo hilo, nasi tumechagua kulisema kwa njia ya kitabu kimoja, ili tusitwange maji katika kinu. Kitabu hicho ni Le Premier Homme, maana yake Mtu wa Kwanza, cha Albert Camus. Tutakisifu panapostahili sifa, na tutakigombeza panapostahili. Mwishoni tutajitazama sisi wenyewe, maana kitabu hiki hakikutuacha salama.

1. Kitabu na mwandishi wake

Camus alizaliwa mwaka 1913 huko Aljeria, nchi iliyotawaliwa wakati ule na Wafaransa. Baba yake alikufa vitani mwaka 1914, mtoto akiwa hajatimiza hata mwaka mmoja. Mama yake alikuwa mtu wa kusikia kwa shida na kusema kwa shida. Hakujua kusoma wala kuandika, na riziki yake ilikuwa kufagia na kufua katika nyumba za watu. Walikaa katika mtaa wa maskini wa mji wa Alger, pamoja na bibi mkali aliyetawala nyumba nzima kwa kiboko. Katika nyumba ile hamkuwa na kitabu, wala gazeti, wala mtu wa kumweleza mtoto habari za dunia.

Mtoto yule, mwaka 1957, alipewa zawadi ya Nobel kwa ajili ya vitabu vyake. Kabla mwezi wa Novemba haujaisha, alimwandikia barua mwalimu wake wa shule ya msingi, Bwana Louis Germain. Alimwambia kwamba habari ile ilipomfikia, mtu wa kwanza aliyemkumbuka moyoni ni mama yake, na wa pili ni yeye mwalimu. Tazameni, ndugu: mtu ametukuzwa mbele ya mataifa, na mawazo yake yanarudi kwa mwanamke asiyejua kusoma na kwa mwalimu wa watoto wadogo.

Miaka miwili na zaidi kidogo baadaye, tarehe 4 Januari 1960, Camus alikufa kwa ajali ya gari huko Ufaransa. Katika mfuko wake yalionekana maandiko ya kitabu ambacho hakikumalizika. Binti yake alikitoa kipigwe chapa mwaka 1994. Ndicho kitabu chetu. Ndani yake Camus anajiita Jacques Cormery, na mwalimu anamwita Bwana Bernard. Lakini mahali fulani kalamu ilimponyoka, akaandika jina la kweli: Germain. Tunapenda kosa hilo. Linaonyesha kwamba mwandishi alikuwa anasimulia jambo lililomkaa moyoni, si hadithi ya kubuni tu.

Wengine watauliza: Camus hakuwa mwamini, kwa nini katekista amsome? Tunajibu kwamba mtu mwenye kiu hamuulizi mchimba kisima anasali wapi. Na mtakavyoona, ukurasa mmoja wa kitabu hiki unatuhusu sisi makatekista kuliko watu wote.

2. Njaa ya pili

Mlango wa kitabu unaosimulia shule ni mlango mzuri kuliko yote. Mwandishi anaonyesha darasa lenye joto, nzi wakizunguka, watoto wenye viatu vilivyochakaa. Mtu angefikiri watoto hao wanakuja shuleni ili wakimbie shida ya nyumbani tu. Camus anasema hapana. Walikuwa na njaa mbili. Ya kwanza ni ile ya tumbo, tunayoijua sote. Ya pili ni njaa ya kuvumbua dunia, na hiyo ni kali kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima.

Walimu wengine, asema, waliwalisha watoto kama watu wanaonenepesha bata: chakula kimekwisha tayarishwa, fungua mdomo, meza. Bwana Bernard hakufanya hivyo. Darasani mwake watoto waliona kwa mara ya kwanza kwamba wapo, na kwamba mtu anawahesabu kuwa wanastahili kuijua dunia.

Hapa ndipo tunapoona kiini cha jambo lote. Wengi wetu tukitaka kumtia mtoto moyo, tunamsifu. Tunasema: vizuri sana, wewe ni hodari, pigeni makofi. Sifa si mbaya, lakini mtoto ana akili. Anajua sifa ipi ni ya bure. Bwana Bernard hakuwajaza watoto sifa. Aliwapa kazi ngumu na kitu cha kweli. Aliwasomea mwishoni mwa kila muhula kitabu kikubwa cha habari za vita, kile alichopigana mwenyewe, ambamo baba wa baadhi ya watoto wa darasa walikufa. Hakusema kwamba maneno haya ni makubwa kwa watoto wadogo. Siku kitabu kilipomalizika, Jacques alikuwa amekaa mbele, machozi yanamtiririka, hawezi kujizuia. Mwalimu alimtazama, kisha akageuka upesi kwenda kuweka kitabu kabatini, maana yeye pia alikuwa ameguswa. Miaka mingi baadaye, mwanafunzi amekwisha kuwa mtu mzima, mwalimu yule mzee anatoa kitabu kile kile na kumpa. Kitabu ni chako, anamwambia, kwa sababu siku ile ulilia.

Basi huko ndiko kumheshimu mtoto: kumpa kitu kizito ukiamini kwamba mikono yake itaweza. Mama anayempa binti yake mtungi wa maji kwa mara ya kwanza hamwimbii nyimbo za sifa. Anamtwika, halafu anamfuata nyuma.

3. Hodi mlangoni

Sasa tuje kwenye jambo lililotupa kichwa cha makala haya. Mwalimu alitaka Jacques ajaribu mtihani wa kupata msaada wa serikali, ili aingie shule kubwa, lycée. Bibi alikataa. Na bibi hakuwa mpumbavu. Alihesabu kama wanavyohesabu bibi zetu: mtoto akimaliza shule ya msingi atafundishwa kazi, ataleta mshahara, akienda shule kubwa, ni miaka sita bila kuleta kitu. Katika nyumba ya maskini hesabu hiyo ina haki yake.

Mwalimu mwingine angesema: wazazi hawa hawana akili, nimefanya wajibu wangu. Bwana Bernard alivaa, akatoka, akapiga hodi katika nyumba ile ya maskini. Mtoto alitumwa nje barabarani akangoje. Mwalimu akakaa na bibi pamoja na mama, wakaongea. Bibi aliona haya kwa sababu hakuwa na fedha za kulipia masomo ya jioni ambayo mwalimu angempa mtoto. Mwalimu akamwambia asisumbuke, mtoto amekwisha kumlipa. Na alipotoka, alimwambia Jacques kwamba bibi yake ni mtu mwema, na kwamba asimsahau mama yake kamwe.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwalimu alikuwa mgeni wa namna hiyo. Tazameni mambo aliyoyafanya kwa kupiga hodi tu. Kwanza, alimwonyesha mtoto kwamba nyumba yake si aibu. Mtu mkubwa ameingia, ameketi katika kiti chao, hakuziba pua. Pili, alimheshimu bibi. Hakumpokonya mtoto kama mwewe anavyonyakua kifaranga. Alimwomba. Tatu, mtoto aliyekuwa akingoja barabarani alijua kwamba watu wakubwa wanaongea juu yake, na kwamba maisha yake yana uzito wa kutosha kumtoa mwalimu nyumbani kwake jioni. Hata kama mtihani ungemshinda, jambo hilo lisingeweza kufutika.

Na siku ya mtihani, mwalimu aliwangoja wanafunzi wake mlangoni, amewaletea mikate.

Lakini kitabu ni cha kweli, na hakifichi gharama. Jacques alipofaulu, mwalimu akaagana naye na kwenda zake. Mtoto alimtazama kutoka dirishani, na badala ya furaha akaona uchungu. Alitambua kwamba ameng'olewa katika ulimwengu wa maskini, ulimwengu wenye joto, na kwamba tangu sasa atakua peke yake. Huko shule kubwa alipewa karatasi ya kuandika kazi ya mama yake. Alipaswa kuandika: mtumishi wa nyumbani. Aliona aibu. Na mara ile ile akaona aibu kwa kuwa ameona aibu. Mwandishi anasimulia jambo hilo kwa maneno machache sana, lakini tunadhani kila mtoto wa mkulima au wa mchuuzi aliyeingia sekondari mjini amekwisha kuandika karatasi kama ile.

4. Kofi la katekismu

Katika mlango ule ule, kurasa chache baadaye, kuna mwalimu mwingine. Bibi aliamuru Jacques apokee Komunyo ya kwanza kabla ya kwenda shule kubwa. Akapelekwa kwenye katekismu, ajifunze kwa muda mfupi yale ambayo wengine walijifunza kwa miaka. Padri alifundisha kwa maswali na majibu. Siku moja padri alidhani Jacques anamfanyia mdomo. Alimwita mbele, na bila kuuliza akampiga kofi kwa nguvu zote. Mtoto alionja damu yake kinywani.

Hakulia. Alirudi mahali pake. Na kuanzia siku ile aliyajua majibu yote vizuri kabisa. Aliulizwa akajibu, aliulizwa akajibu, bila kosa, huku akimtazama padri bila hasira na bila urafiki. Ndiyo yote. Mwandishi haongezi hukumu yoyote.

Wasomaji, tulipofika hapo tulifunga kitabu. Tulikuwa tumekwisha kusoma kwamba Bwana Bernard hakupenda mambo ya dini, lakini darasani hakusema hata neno moja dhidi ya dini ya watoto, kwa sababu aliona ni haki ya kila mtoto kuitafuta kweli yake. Basi mtu asiyeamini aliheshimu roho ya mtoto, na mtu aliyetumwa kuitunza roho ile aliipiga kofi. Mtoto alijifunza majibu yote na hakupokea kitu. Kwa mwalimu wa kwanza alilia machozi mbele ya wenzake bila haya. Kwa wa pili alijifunga kama kobe.

Watu wengine watasema kwamba Camus anaonea Kanisa. Hatuoni hivyo. Kofi kama lile tumeliona, na tutasema hapa chini ni la nani.

5. Mwalimu wa Wadiallobe

Ili tusipime kwa kipimo kimoja, tutazame kitabu kingine, cha Mwafrika: L'Aventure ambiguë cha Cheikh Hamidou Kane wa Senegali, kilichotolewa mwaka 1961. Nacho kinaanza shuleni, shule ya Kurani. Mwalimu Thierno anamfundisha Samba Diallo, mtoto wa ukoo wa watawala. Mtoto amekosea aya. Mwalimu anamfinya sikio kwa kucha mpaka zinapita upande wa pili. Anamkaribishia kaa la moto. Hata hivyo mwalimu huyo anampenda mtoto huyo kuliko wote, naye mtoto analitamani lile neno asiloelewa maana yake, akalisoma kwa uzuri unaotetemesha.

Je, Thierno alimvunja mtoto? Jibu si rahisi, na hapo ndipo kitabu cha Kane kina nguvu. Samba Diallo hakosi moyo. Anajua yeye ni nani; anajua ametoka wapi na anamtumikia nani. Mwalimu wake mwenyewe ni mzee, maskini, mwili umemchoka, na kila alichomdai mtoto alikuwa amejidai yeye kwanza. Mtoto anauona ukweli huo. Mkono mkali usio na unafiki unaweza kuvumiliwa.

Lakini dada mkubwa wa mtawala, yule wanayemwita Mwanamke Mkuu wa Kifalme, anamlaumu mwalimu kwamba anamfundisha mtoto mauti kabla ya uzima. Ni yeye anayeamua watoto waende shule mpya ya Wazungu. Samba Diallo anakwenda, anafika mpaka Paris, na huko moyo ule aliojengewa unapasuka, maana ulijengwa kwa ajili ya nyumba moja tu. Anaporudi, Thierno amekwisha kufa, naye hawezi tena kusali kama zamani. Mwishoni anauawa karibu na kaburi la mwalimu wake.

Tukiweka vitabu hivyo viwili pamoja, tunaona kama mizani. Thierno alimpa mtoto mizizi, lakini si njia ya kwenda mbali. Shule kubwa ya Alger ilimpa Jacques njia, na karibu imwondolee mizizi. Bwana Bernard peke yake, jioni ile alipopiga hodi, alijaribu kushika vyote viwili: alifungua njia mbele ya mtoto, na papo hapo alimwambia asimsahau mama. Kwa maoni yetu, moyo wa kweli wa kujitumaini ni huo: mtoto aweze kwenda mbali bila kumwonea mama yake haya, na aweze kurudi bila woga.

6. Yale tusiyoyakubali

Tumesema tutakigombeza kitabu cha Camus panapostahili.

Kwanza ni fimbo. Bwana Bernard alikuwa na rula nene ya mti mwekundu, aliyoipa jina tamu la peremende, naye aliitumia juu ya matako ya watoto. Mwandishi anasimulia jambo hilo karibu kwa kucheka. Anasema adhabu ilikuwa ya haki, na watoto waliikubali. Inawezekana. Lakini anayesimulia ni yule aliyefaulu. Tungependa kusikia pia mtoto aliyechapwa akabaki mtaani. Fimbo haikumjenga Jacques. Alijengwa na yale mengine, na fimbo ikasamehewa kwa ajili yake. Mwalimu wa leo asichukue rula ya Bwana Bernard huku akiacha safari yake ya jioni. Wengi tunafanya hivyo.

Pili ni wale ambao hawakuchaguliwa. Mwalimu alichagua wachache wa kupelekwa kwenye mtihani. Wengine wa darasa walikwenda wapi? Siku moja mwenzao alimwita Jacques kipenzi cha mwalimu. Mwalimu aliposikia hakukana. Alisema mbele ya wote kwamba ndiyo, anampendelea Jacques, kama anavyowapendelea wote waliofiwa na baba vitani, kwa sababu yeye alipigana pamoja na baba zao, naye yu hai. Neno hilo ni zuri sana. Lakini mtoto ambaye baba yake hakufa vitani alilisikia pia. Baadaye Jacques alipigana na yule aliyemtukana, akamshinda. Kisha alipoona uso wake uliovimba, akahuzunika, akaelewa kwamba kumshinda mtu ni uchungu kama kushindwa. Camus aliuona uso huo mara moja, halafu akaendelea na njia yake. Sisi tungependa akae pale kidogo zaidi.

Tatu, na hili ni kubwa zaidi, ni watoto wa Kiarabu. Nchi ilikuwa yao, lakini katika shule ya kitabu hiki karibu hawaonekani. Jacques alikuwa maskini, lakini alikuwa raia wa Ufaransa, na mlango ulikuwapo wa kubisha. Sisi Wakongo hatuwezi kusoma hayo bila kukumbuka habari zetu. Mwaka 1924, Camus alipoingia lycée, mtoto wa Kongo mwenye akili kama yake alikuwa na njia ndefu moja tu mbele yake, nayo ni seminari. Kwa njia hiyo alipita Stefano Kaoze, aliyekuwa padri Mkongo wa kwanza mwaka 1917. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Basi hata mwalimu mwema kama Bwana Bernard hawezi kumvusha mtoto mto usio na daraja. Moyo wa kujitumaini bila mlango wa kupita unageuka kuwa uchungu. Tusimwachie mwalimu peke yake kazi ya nchi nzima.

7. Na sisi je?

Sasa tujitazame.

Sisi tunaoandika haya tulipata walimu wawili, kama Jacques. Katika mwaka wa nne wa shule ya msingi tulikuwa na mwalimu aliyesoma alama zetu mbele ya wote, akianza na wa mwisho. Mwezi mmoja wa mwisho tulikuwa sisi. Alisema: huyu anakula minervali ya baba yake bure. Wenzetu wakacheka. Baada ya hapo, kwa muda wa mwaka mzima, hatukuinua mkono hata tulipojua jibu. Mwaka uliofuata, mwalimu mwingine alikuja nyumbani kwetu jioni kwa miguu, kwa sababu tulikuwa tumefukuzwa kwa kukosa minervali. Mama alimpa kiti chetu kimoja chenye mgongo, akamletea maji. Waliongea nusu saa, hatujui juu ya nini. Alipoondoka, mama hakusema neno, lakini tuliona anatutazama kwa namna mpya. Kesho yake tulirudi shuleni. Ndiyo maana hata leo tunaweza kusimama mbele ya watu na kusoma.

Mngefikiri kwamba mtu aliyepata hayo hawezi kusahau. Ndugu, tulisahau. Mwaka juzi katika katekismu yetu, msichana mmoja alikuwa hajibu. Tunauliza, anatazama chini. Jumamosi tatu mfululizo. Jumamosi ya nne tulimsimamisha mbele ya wengine, tukamwambia kwamba mtu mwenye kichwa kigumu hivyo hafai kupokea Komunyo mwaka huu. Hatukumpiga, lakini lile lilikuwa kofi. Hakurudi tena. Nasi tulisema moyoni: amejifukuza mwenyewe.

Tuliposoma ukurasa wa padri na Jacques, ndipo tuliyaona macho ya msichana yule. Tulichukua siku kadhaa kabla ya kupata nguvu, kisha tukaenda kwao. Tulimkuta amebeba mtoto wa shangazi yake mgongoni, anachochea moto. Mama yake huenda shamba kabla ya jua na kurudi usiku; yeye ndiye anayetunza nyumba. Katekismu yote alikuwa anajifunza kwa kusikia tu, maana hakuna wakati wa kusoma na kitabu hana. Tulimwomba radhi mbele ya shangazi yake. Shangazi alicheka kwa mshangao, akasema hajaona katekista kuomba radhi kwa mtoto. Msichana hakucheka.

Mwezi uliofuata alirudi. Anakaa nyuma karibu na mlango. Akiulizwa anajibu, tena anajibu sawa, lakini bado anatazama chini. Hatujui itachukua muda gani. Neno linatoka kinywani kwa nukta moja. Kulirudisha ni kazi ya miaka.

Tunajua walimu watatujibu nini. Tangu mwaka 2019, shule za msingi za serikali zilipotangazwa kuwa bure, watoto wamemiminika, na jambo hilo ni jema. Lakini kuna madarasa ambamo mwalimu mmoja anatazama watoto mia na kupita. Mshahara unachelewa. Mwalimu mwenyewe amefunga mkaja tumboni, na sisi tunamwambia atembelee nyumba! Walimu wana haki ya kulalamika, nasi tunalalamika pamoja nao. Serikali inayotaka akina Bernard iwape kwanza chakula.

Hata hivyo kuna mambo yasiyongoja mshahara. Kumwita mtoto kwa jina lake si lazima uwe umelipwa. Kusoma alama bila kumfanyia mtu dhihaka hakugharimu hata faranga moja. Kumpa mtoto wa nyuma swali la kweli, na kungoja jibu lake bila kumkatiza, ni dakika mbili. Na nyumba moja kwa mwezi, si nyumba mia. Moja tu, ile ya mtoto ambaye hujui kwa nini hanyanyui mkono. Piga hodi, kaa, kunywa maji watakayokupa. Huna haja ya kusema mengi.

Na ninyi wazazi, mwalimu akija, msiulize kwanza mtoto ameiba nini. Huenda amekuja kwa ajili ya heri.

Kitabu cha Camus hakikumalizika, na wataalamu wanasikitika. Sisi tunaona kwamba habari za mwalimu na mwanafunzi haziwezi kumalizika kwa namna nyingine. Mwaka 1959 Bwana Germain, mzee sasa, alimwandikia barua mwanafunzi wake, naye aliendelea kumwita mtoto wake. Hakujua kwamba miezi michache tu imebaki, na kwamba mwanafunzi atatangulia. Lakini alikuwa amekwisha kupata shukrani yake. Walimu wengi hawaipati kamwe. Wanapanda, na mvuno unakwenda kuliwa katika miji ambayo hawataiona.

Basi, msomaji, kama mwalimu aliyekuinua yu hai bado, usingoje mpaka upate zawadi ya Nobel. Mwandikie wiki hii. Na kama wewe ndiwe mwalimu, leo jioni, kabla ya kulala, tafuta kichwani mwako jina la mtoto mmoja anayekaa nyuma karibu na mlango.